Kuitayarisha Pikipiki Mpya na Kuitunza

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno yamechapwa kama yalivyosomwa. Mwalimu wa kikundi ayasome pole pole. Pale palipoandikwa PUMZIKO, wanakisomo wazungumze kwanza ndipo waendelee.)

Leo tutajifunza habari za chombo ambacho kila mmoja wenu hukisikia kabla hajakiona. Chombo hicho ni pikipiki.

Ukisimama asubuhi pale Mwanjelwa, karibu na soko, au pale njia panda ya Kabwe, utaziona zimepangwa kama ng'ombe wanaongoja maji. Moja imeleta gunia la viazi kutoka Umalila. Nyingine imeleta mkungu wa ndizi. Ya tatu imembeba mama na mtoto mgonjwa anayepelekwa hospitali. Siku hizi pikipiki ni punda wa mji na punda wa shamba. Lakini punda akichoka husimama, na mwenyewe akajua kwamba amechoka. Pikipiki haisimami mapema. Huendelea kwenda huku ikijila ndani kwa ndani, na siku itakaposimama, gharama yake ni kubwa.

Pengine mwanakisomo mmoja atauliza, "Mwalimu, mimi nimekuja kujifunza kusoma na kuandika. Pikipiki inahusu nini hapa?" Jibu langu ni hili: pikipiki mpya huja na kitabu, na kopo la oili lina maandishi, na saa ya kilomita ina tarakimu. Asiyesoma hayo humtegemea mtu mwingine amwambie, na huyo mwingine pengine naye hajui. Somo la leo ni la kusoma na hesabu kama masomo mengine yote.

MANENO YA SOMO

Mwalimu aandike ubaoni maneno haya, na kila mtu ayanakili: injini, oili, cheni, breki, chujio, spoki, plagi, kilomita, daftari.

CHOMBO HIKI KIMETOKA WAPI?

Mwaka 1885, huko Ujerumani, Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach walifunga injini ndogo ya petroli katika chombo cha mbao chenye magurudumu mawili makubwa. Mwaka 1958 kampuni ya Honda ya Japani ilianza kuuza pikipiki ndogo iitwayo Super Cub. Ilikuwa nyepesi, na mtu wa kawaida aliweza kuinunua. Kufikia mwaka 2017, Super Cub zilizokwisha kutengenezwa zilikuwa zaidi ya milioni 100. Siku hizi pikipiki nyingi tunazoziona Mbeya na Iringa hutoka India na China.

Jina la bodaboda nalo lina asili yake. Lilianza Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako watu wenye baiskeli walibeba abiria kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Baadaye baiskeli zikaiachia nafasi pikipiki, lakini jina likabaki.

Huko Ulaya na Marekani kuna pikipiki zinazoundwa makusudi kwa njia za udongo. Tairi zake zina meno makubwa, shokapu zake ni ndefu, na tumbo lake liko juu ili lisigonge mawe. Kwetu pikipiki za namna hiyo, kama Honda XL na Yamaha DT, zimetumiwa sana na mabwana shamba, waganga na wamisionari. Lakini watu wengi hununua pikipiki ya kawaida ya barabarani, kisha huipeleka katika mawe na matope ya milimani. Haikuundwa hasa kwa kazi hiyo, basi sharti itunzwe zaidi.

KWA NINI TUSHUGHULIKE?

Tuchukue mfano wa hesabu. Kijana mmoja amepewa pikipiki mpya kwa mkataba. Amekubaliana na tajiri wake kwamba kila siku ya kazi atampelekea shilingi 10,000, siku 6 kwa juma, kwa muda wa majuma 52. Baada ya hapo pikipiki itakuwa mali yake. Mwalimu aandike ubaoni: 10,000 mara 6 ni 60,000. Na 60,000 mara 52 ni 3,120,000.

Sasa, tuseme injini imekufa mwisho wa juma la 26. Kijana amekwisha kulipa shilingi 1,560,000, na bado anadaiwa shilingi 1,560,000 nyingine. Pikipiki imelala gereji, na fundi naye anataka fedha yake. Tajiri anaweza kuichukua pikipiki, na kijana akabaki mikono mitupu. Nusu mwaka wa jua, mvua na vumbi umepotea, na pengine sababu yake ni lita moja ya oili ambayo haikubadilishwa kwa wakati.

PUMZIKO. Je, mmewahi kuona jambo kama hili katika mtaa wenu? Lilianzaje?

KABLA YA KUIPANDA

Watu hudhani kitu kipya hakina kasoro. Ndugu zangu, pikipiki nyingi huja nchini vipande vipande ndani ya masanduku, kisha huunganishwa huku kwetu. Aliyeiunganisha alikuwa binadamu, pengine alikuwa na haraka, na pengine ilikuwa jioni. Kwa hiyo, kabla ya kuipanda pikipiki mpya, fanya mambo haya.

Kwanza, soma karatasi zake. Juu ya kadi ya usajili imeandikwa namba ya chesisi. Namba hiyohiyo imegongwa katika chuma, aghalabu kwenye shingo ya pikipiki chini ya usukani. Namba hiyo kwa kawaida ina alama 17, herufi na tarakimu zikiwa zimechanganyika. Zisome moja moja, ukilinganisha ya kadi na ya chuma. Hutaona humo herufi I, wala O, wala Q, maana waliopanga utaratibu huo waliziacha ili watu wasizichanganye na moja na sifuri. Alama moja ikitofautiana, usitoe fedha yako mpaka muuzaji akueleze.

Pili, shika spana uzungukie nati na bolti zote: za ekseli ya gurudumu la mbele na la nyuma, za usukani, za injini, za ekzozi, za vioo na za kiti. Usizikaze kwa nguvu zako zote, kwa kuwa bolti iliyokazwa kupita kiasi hukatika. Yatosha kuwa hazichezi.

Tatu, gonga spoki moja moja kwa bisibisi ndogo. Spoki iliyokazwa hutoa sauti nyembamba kama kengele. Iliyolegea hutoa sauti nzito, iliyokufa. Spoki za gurudumu jipya hulegea mapema, hasa katika mawe. Zichunguze tena baada ya siku chache za kwanza.

Nne, tazama oili. Usimwamini muuzaji kwa maneno yake, "Imo." Simamisha pikipiki wima mahali pa tambarare, kisha chomoa kijiti cha kupimia. Kijiti kina alama mbili, ya juu na ya chini. Oili iwe katikati ya alama hizo, au ifike ile ya juu bila kuipita. Pikipiki nyingine kijiti chake huchovywa tu, nyingine hufungwa mpaka mwisho ndipo kipime. Kitabu cha pikipiki yako kitakuambia.

Tano, jaribu breki, taa, honi na klachi hali umesimama. Geuza usukani kushoto na kulia mpaka mwisho, uone kama waya zinavutika au zinabanwa. Waya inayovutika wakati wa kukata kona inaweza kuongeza moto wa injini bila wewe kutaka.

KILOMITA ZA KWANZA

Mkulima akitia mpini mpya katika jembe lake, mpini huo una vinundu. Akilima nao taratibu siku za kwanza, vinundu hulainika, na mpini ukazoeana na mikono. Akilima shamba zima siku ya kwanza, mikono hutoka malengelenge.

Injini mpya ni kama mpini huo. Ndani yake mna silinda, na ndani ya silinda pistoni hupanda na kushuka mara maelfu kwa dakika. Chuma hicho kipya, hata kiking'aa namna gani, kina mikwaruzo midogo sana isiyoonekana kwa macho. Katika kilomita za kwanza pistoni na silinda husuguana mpaka zikazoeana. Ukiiendesha kwa kiasi, hulainika vizuri. Ukiikimbiza au kuibebesha mzigo mzito, joto huzidi, na chuma hujikwaruza. Baadaye injini hiyo hula oili, hutoa moshi, na hukosa nguvu ya kupanda milima.

Basi, katika kilomita 500 za kwanza, na kwa pikipiki nyingine mpaka 1,000, fuata sheria hizi:

Usivute moto mpaka mwisho. Nusu yatosha.

Usiende kwa mwendo mmoja muda mrefu. Badilisha mwendo, mara pole, mara kasi kidogo.

Usibebe magunia wala abiria wawili. Kubeba wawili hakufai hata pikipiki ikiwa kuukuu.

Usiilazimishe kupanda mlima kwa gia kubwa. Injini ikianza kugugumia, shusha gia.

Asubuhi, na hasa mwezi wa Juni na Julai ambapo baridi ya Mbeya huuma, iache injini iungurume kidogo kabla ya kuondoka, kisha uende pole pole mpaka ipate joto. Oili ya baridi ni nzito, huchelewa kufika mahali pake.

Vijana wengi hupata tabu hapa. Wanasema, "Mwalimu, hesabu ya tajiri haingoji." Najua. Lakini kilomita 1,000 kwa mtu wa bodaboda ni majuma machache tu, na mkataba ni mwaka mzima. Kabla ya kuweka mkono katika mkataba, mwombe tajiri apunguze hesabu ya majuma ya kwanza. Mwambie ni kwa faida ya mali yake. Tajiri mwenye akili atakuelewa.

OILI

Oili hufanya kazi nne. Hulainisha, hupoza, husafisha, na huzuia kutu. Ule unga wa chuma unaotoka injini inapozoeana huingia ndani ya oili. Kwa hiyo oili ya kwanza humwagwa mapema, kwa pikipiki nyingi kati ya kilomita 500 na 1,000, kama kitabu kinavyosema. Ukiitazama juani utaona inametameta. Huo ndio unga wenyewe, na kama ungeuacha ungeendelea kuisaga injini.

Baada ya hapo, badilisha oili kila baada ya kilomita zilizoandikwa kitabuni. Fahamu kwamba kitabu kimeandikwa kwa ajili ya kazi ya kawaida. Anayebeba mizigo, anayepanda milima na anayekula vumbi kila siku abadilishe mapema kuliko hapo. Injini nyingi za pikipiki zetu huingia oili kama lita moja. Haba na haba hujaza kibaba: weka pembeni fedha kidogo kila siku, na siku ya oili ikifika hutahangaika.

Sasa tusome kopo la oili. Tafuta herufi hizi: JASO MA. Pengine utaona MA2. Herufi hizo maana yake ni kwamba oili hiyo yafaa kwa pikipiki ambayo klachi yake inaoga ndani ya oili ya injini, na pikipiki zetu nyingi ni za namna hiyo. Baadhi ya oili za motokaa hutiwa dawa ya kuongeza utelezi. Dawa hiyo ni nzuri kwa motokaa, lakini katika pikipiki klachi huteleza, injini ikaunguruma bila kwenda mbele. Pia utaona tarakimu kama 20W-50 au 10W-30. Hizo zaeleza uzito wa oili. Chagua zile zilizo kitabuni mwako.

Oili chafu usiimwage chini wala mtoni. Itie katika dumu, umpelekee fundi mwenye pipa la kuikusanya. Oili iliyomwagwa ardhini huweza kufika kisimani, na maji hayo utakunywa wewe na watoto wako.

PUMZIKO. Mwalimu alete kopo tupu la oili. Kila mwanakisomo alisome kwa sauti.

HEWA NA VUMBI

Pikipiki hula vitu viwili, petroli na hewa. Petroli twainunua, basi twaijali. Hewa ni ya bure, basi twaisahau. Kuanzia mwezi wa Juni mpaka mvua za Novemba, njia zetu za udongo hutoa vumbi jingi. Vumbi hilo lina mchanga mdogo sana. Likiingia ndani ya silinda husugua kama msasa.

Mlinzi wa mlango ni chujio la hewa. Katika majira ya vumbi lifungue kila juma ulitazame. Kama ni la sponji, lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, likamue bila kulisokota, likauke kivulini, kisha lipake oili kidogo na kulikamua tena ili libaki na unyevu tu. Usilioshe kwa petroli: huharibu sponji, na cheche moja yaweza kukuunguza. Kama ni la karatasi, haliogeshwi. Likung'ute pole pole, au lipulizwe kwa upepo kutoka ndani kwenda nje. Likizidi kuziba, nunua jipya.

Hapa nyanda za juu tuna jambo jingine la pekee. Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari. Huku juu hewa ni nyepesi. Kwa makisio, kila mita 1,000 za kupanda hupunguza nguvu ya injini karibu sehemu moja katika kumi. Pikipiki yenye kabureta iliyotengenezwa kwa hewa ya pwani ikiletwa huku hupata petroli nyingi kuliko hewa yake. Dalili zake ni plagi nyeusi yenye masizi, moshi mweusi, na petroli kuisha haraka. Mpelekee fundi mwenye ujuzi airekebishe kabureta. Usikubali ushauri wa kulitoa chujio wala kulitoboa sanduku lake ili hewa iingie zaidi. Kufanya hivyo ni kumfukuza mlinzi kwa sababu mlango ni mwembamba.

CHENI

Somo la cheni mimi nililipata kwa aibu, nami nitawasimulia.

Nilikuwa na pikipiki ya kazi, mpya, nikizungukia madarasa ya kisomo. Asubuhi moja niliona cheni imelegea, inaning'inia. Nikasema nitaikaza jioni. Katika kupanda mlima wa kwenda Umalila cheni ikaruka, ikajisokota katika meno ya nyuma, na gurudumu likafunga. Namshukuru Mungu nilikuwa napanda. Kama ningekuwa nateremka, pengine nisingekuwa hapa kuwafundisha. Niliisukuma pikipiki ile kwa muda wa saa mbili. Nilipofika, akina mama walioacha mashamba yao ili wasome walikuwa wamekwisha kwenda zao. Alibaki mzee mmoja na daftari lake mkononi. Nikamweleza yaliyonipata. Akanitazama, akauliza kwa upole, "Mwalimu, hiyo pikipiki haikuja na kitabu?"

Kitabu kilikuwako. Kilikuwa nyumbani, ndani ya mfuko wake wa nailoni, nami sikuwa nimekifungua.

Basi, cheni hupimwa hivi. Iweke pikipiki juu ya stendi, gia iwe bure. Katikati ya magurudumu mawili ya meno, isukume cheni juu na chini kwa kidole. Kwa pikipiki nyingi za hapa, icheze kiasi cha sentimita 2 hadi 3. Zile za njia za udongo zenye shokapu ndefu zataka zaidi. Zungusha gurudumu upime mahali pengi, kwa kuwa cheni hailegei sawasawa. Fuata kipimo cha pale ilipokaza zaidi.

Cheni iliyolegea huruka. Lakini iliyokaza mno nayo ni adui. Abiria akikaa, nyuma ya pikipiki hushuka, na cheni huzidi kuvutika. Kama haikuachiwa nafasi, itaivuta injini na kuharibu beringi.

Unaporudisha gurudumu nyuma ili kukaza cheni, tazama alama za pande zote mbili za ekseli. Zilingane. Zisipolingana gurudumu huenda upande, na tairi huliwa upesi. Kisha tazama klipu inayounganisha cheni. Upande wake ulioziba uelekee kule cheni inakokwenda, na ule wenye mwanya uwe nyuma. Ukiigeuza, jiwe au tope laweza kuichomoa.

Safisha cheni kwa brashi na kitambaa kila ipatapo matope, kisha ipake oili. Paka kidogo, upande wa ndani, huku ukizungusha gurudumu kwa mkono na injini ikiwa imezimwa. Watu wamekatwa vidole kwa kupaka cheni oili huku injini inakwenda. Ukipaka nyingi mno, oili hukamata vumbi, na cheni ikawa tupa.

TAIRI NA BREKI

Upepo wa tairi hupimwa kwa kipimo, haupimwi kwa teke. Katika pikipiki nyingi ndogo kipimo ni karibu 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, na nyuma huongezwa ukibeba mtu. Tarakimu zako zimeandikwa kitabuni, na mara nyingi zimebandikwa pia karibu na cheni. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Wako wanaopunguza upepo katika matope ili tairi ishike chini. Jambo hilo lafaa kwa mwendo wa pole tu, na sharti upepo urudishwe mara ufikapo barabara ya lami.

Breki za ngoma zina mshale mdogo unaoonyesha kiasi cha kuliwa. Mshale ukifika kwenye alama, breki shuu zimekwisha, hata kama bado zinashika. Ukipita mtoni au katika dimbwi, bonyeza breki kidogo kidogo mpaka zikauke.

Nawaomba hasa mnaoteremka Mlima Nyoka au mteremko wa Iwambi: msizime injini wala kuweka gia bure ili kubana petroli. Injini iliyo katika gia ndogo husaidia kuizuia pikipiki. Ukiitoa gia, mzigo wote huangukia breki. Breki hupata moto, na zikipata moto hushindwa kushika. Petroli utakayoibana haifiki hata nusu kikombe.

KUOSHA

Osha pikipiki injini ikiwa imepoa. Ziba ekzozi. Maji ya kasi yasielekezwe kwenye chujio la hewa, wala katikati ya magurudumu, kwa maana hufukuza grisi na kuingiza kutu. Wala usiipeleke mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imelinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto. Chota maji kwa ndoo, uoshe mbali. Unapoosha, mkono wako hupita kila mahali, nao utagundua nati iliyolegea kabla ya jicho kuigundua.

DAFTARI LA PIKIPIKI

Sasa twafika mahali ambapo kisomo kinafanya kazi. Nunua daftari dogo, ulichore mistari upate safu nne: Tarehe, Kilomita, Kazi, Fedha. Kila ufanyapo jambo, andika. Mfano:

Tarehe 3 – Km 12 – Nimekaza nati zote – Shs. 0

Tarehe 19 – Km 510 – Oili ya kwanza, spoki – Shs. ....

Tarehe 27 – Km 845 – Kukaza cheni, kuosha chujio – Shs. 0

Daftari hili litakukumbusha siku ya oili. Litamnyamazisha anayesema hukufanya kazi fulani. Litamwonyesha tajiri jinsi ulivyoitunza mali yake, na siku ukitaka kuuza, mnunuzi ataamini bei yako. Katika daftari hilohilo, ukurasa wa nyuma, andika kila hesabu uliyompelekea tajiri, naye atie sahihi. Wengi wamelipa na kulipa, mwisho wakaambiwa bado wanadaiwa, nao hawakuwa na maandishi.

KICHWA CHAKO

Nimesema mengi juu ya kuitunza pikipiki. Lakini injini ikifa hununuliwa nyingine, na kichwa hakiuzwi sokoni Mwanjelwa. Uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali uliokusanywa na jamii ya wataalamu wa Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi. Lakini haifai kitu kama imetundikwa kwenye usukani, au kama mkanda wake haukufungwa chini ya kidevu. Uwe na mbili, yako na ya abiria.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini pikipiki mpya isikimbizwe katika kilomita za kwanza? Jibu kwa mfano wa mpini wa jembe.

2. Herufi zipi za kutafuta juu ya kopo la oili ya pikipiki?

3. Bwana mmoja alibadilisha oili saa ya kilomita ikisoma 4,350. Ameamua kubadilisha kila kilomita 1,500. Saa ikisoma ngapi atabadilisha tena? (Jibu: 5,850.)

4. Mwanya wa klipu ya cheni uelekee wapi?

5. Mama mmoja amemkabidhi mwanawe pikipiki ya kazi. Mama hapandi pikipiki. Je, anaweza kujua kama inatunzwa? Kwa njia gani?

KAZI YA NYUMBANI

Kila mwanakisomo achore daftari la safu nne. Mwenye pikipiki aandike ya kwake. Asiye nayo amwendee jirani mwenye nayo, wakapime cheni pamoja, kisha aandike walichokiona. Juma lijalo tutasomeana.

Na kama ndani ya nyumba yako kuna kitabu kilichobaki katika mfuko wake wa nailoni, leo jioni kifungue. Soma ukurasa mmoja. Neno usilolijua lipigie mstari, uje nalo darasani.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji. Safari njema.